Ombi la Kupakwa Rangi Nyekundu

Mtaa wa Landless, Thika
Tarehe 6 Mei

Kwa Afisa wa Mipango ya Tabianchi,

Mheshimiwa,

KUH: KUSIKILIZWA BILA KUPEWA NOTISI

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia. Nimefundisha mafuriko miaka thelathini na moja, na leo nakuandikia miguu ikiwa juu ya kiti kwa sababu sakafu ina maji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka jana ulituita, watu wa Thika na Ruiru, tupake ramani rangi: nyekundu panapofurika, kijani palipo salama. Kalamu za mtaa wetu ukanipa mimi. Mtu aliyezoea kuwapa wengine alama nyekundu hapewi kalamu hiyo ajisahihishe mwenyewe. Kosa hilo ni lako.

2. Meza ya pili alikaa Mzee Gerishon wa Ruiru, ambaye mwanawe anamchumbia binti yangu Lynn. Ningemwonyeshaje mkwe mtarajiwa kwamba mvua ikinyesha sufuria zangu huelea? Nikapaka kijani. Nikarudia ikolee. Yeye, bila haya hata kidogo, akapaka kwake nyekundu. Sasa ana mtaro wa zege mlangoni, na mimi nina vyura.

3. Mliniamini! Miaka yote tumetoa maoni kwenye mikutano, tukanywa soda, tukaenda zetu, na maoni yakabaki kwenye faili. Nilitegemea utaratibu huo. Kama safari hii mlikusudia kusikiliza, mngetuarifu mapema ili tuseme ukweli.

4. Kijani changu hakikuishia kwangu. Nilipaka mstari mzima wa nyumba, pamoja na chumba cha Bi Tausi, anayeshona sare za shule. Wiki jana maji yalifika kwenye mota ya cherehani yake. Alikuja kuniuliza, kwa upole, kwa nini sisi hatukuchimbiwa mtaro. Nikamwambia ni serikali. Tangu siku hiyo nazunguka nyuma ya choo ili nisipite mlangoni pake. Naona aibu, Mheshimiwa, na ramani yako haina rangi ya aibu.

Kwa hayo, naomba mtupake nyekundu na kutuchimbia mtaro kabla ya mvua za Oktoba, hata mkianzia kwa Bi Tausi.

Nisalimie wachora ramani wote, dereva wenu, na yule mama wa chai aliyeniongeza mandazi.

Wako mtiifu, aliyelowa,
Mwalimu Kang'ethe (Mstaafu)

Tanbihi: Barua hii nimeileta mwenyewe. Karani amenipa fomu ya tathmini niijaze hapo hapo, nimeiambatanisha. Fomu ni moja kwa mstari wote. Penye swali kama maji yameingia ndani, utaona nimeandika "Hapana kabisa". Karani huyo nilimfundisha darasa la nane, na alikuwa amesimama akiniangalia.