Jogoo Sitoi

Jumatatu, 4 Julai 1994

Nina miaka sabini na moja. Labda zaidi, maana mama yangu alihesabu kwa njaa na nzige. Nimewapita watemi watatu, Mwingereza, foleni za sabuni, Operesheni Vijiji iliyohamisha nyumba yangu ikaacha kisima, wake wawili wavumilivu, na daktari aliyeniambia niache ugoro. Daktari tumemzika. Ugoro ninao.

Leo nimeibiwa baiskeli. Mimi! Mboje!

Naandika ili wajukuu wajue ilikuwa baiskeli gani. Ya Kiingereza, nyeusi, keria pana ya kubeba gunia mbili na mke juu yake. Niliinunua kwa pamba mwaka wa uhuru. Sijawahi kuifunga kufuli. Kufuli ni la watu wasiojulikana.

Nilikuwa msibani kwa marehemu Mayala. Niliiegemeza kwenye ghala. Tumezika, tumenawa, narudi. Ghala lipo, baiskeli haipo.

Nikapiga mwano, yowe la hatari. Sauti yangu haijazeeka. Mwano ukipigwa kila mwanaume atoke na fimbo au upinde, anayebaki ndani ni mshirika wa mwizi. Sungusungu walikimbia hadi njia ya Dutwa. Wengine mtoni. Katekista naye alikimbia, kitabu mkononi. Ila niliona baadhi ya waombolezaji wamekaa pale pale, wameziba midomo kwa vitenge. Nilidhani wanalia.

Ubaya ni kwamba Jumamosi anakuja mtu wa kampuni ya pamba kutoka Mwanza. Siku hizi chama cha msingi hakinunui peke yake. Biashara ruksa, mwenye mizani anunue. Wanatafuta wakala wa kijiji chetu, na sharti lao ni baiskeli inayobeba mizani. Wakala atapewa koti na kofia, na kila mkulima atamsalimia yeye kwanza. Nimengoja kusalimiwa kwanza tangu ukoloni. Anayeitaka kazi hiyo ni mimi na Mahona tu. Mahona hana baiskeli.

Jumanne, 5 Julai

Mahona ana baiskeli. Ana yangu.

Kamanda wa sungusungu, Machibya, amekuja asubuhi. Kanisalimu, ng'wangaluka, halafu akashindwa kuendelea kwa kicheko. Kumbe wote walijua ila waliokimbia. Mahona ni mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo ni mtani wangu. Kwetu mtani akikuta chako msibani anakichukua mchana kweupe na haitwi mwizi. Unakikomboa kwa kuku na maneno, watu wanacheka, wafiwa wanapumua. Najua sana. Mimi mwenyewe nilichukua redio yake kwenye msiba wa baba yake. Lakini ile ilikuwa utani. Hii ni baiskeli!

Ameitundika mbele ya nyumba yake, kwenye nguzo za banda. Kila apitaye anabonyeza kengele. Nasikia kutoka hapa.

Masharti ya Mahona: jogoo mmoja, tena yule mwekundu, na niseme mbele ya watu, "Mahona ni mkubwa wangu."

Mahona! Alizaliwa mwaka wa nzige, mimi nachunga ndama. Nilimpangusa kamasi kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Nimemwambia Machibya jogoo sitoi na neno sitoi. Machibya akasema vyema, ila kuna jambo jingine. Kupiga mwano wa hatari kwa sababu ya utani ni kosa, watu wamekimbia bure na katekista ametegua mguu. Faini mbuzi.

Mbuzi ameliwa leo leo. Nilikwenda kula pia. Siwezi kumwacha mbuzi wangu aliwe na wageni.

Nyanjige, mke wangu huyu wa tatu, kauliza: mbuzi umetoa, jogoo anakushinda? Wanawake hawaelewi mambo ya hesabu kubwa.

Jumatano, 6 Julai

Nimepata akili! Nanunua baiskeli mpya. Ya Mahona itaozea kwenye nguzo. (Yangu. Nimeandika kwa haraka.)

Nimekwenda mnadani Bariadi na mbuzi wawili na kondoo dume. Siku hizi kuna vitu! Redio, miwani, sufuria zenye maua, baiskeli zimepangwa kama ng'ombe wa mahari. Zinauzwa na kijana mmoja mfanyabiashara wa Lamadi anaitwa Magese, zamani muuza dagaa. Bado ananuka kidogo. Aliniita mzee wangu, akanifutia kiti kwa leso. Mtu anayejua watu.

Baiskeli inaitwa Nyota Tatu. Nyekundu, ina taa mbele, taa nyuma, vioo viwili na mkia wa nyuzi za rangi kwenye usukani. Bei nusu ya zile nyingine. Nikamuuliza kwa nini rahisi. Magese akasema kwa sababu kiwanda hakitaki faida, kinataka jina. Hilo nikalielewa. Mimi pia.

Yakobo fundi, anayeziba pancha chini ya banda la wauza chumvi, aliishika gurudumu akalizungusha. Akainama, akasikiliza, akasema, "Mzee Mboje, hii ni baiskeli ya kutazama." Nikamwambia asante. Kweli inatazamika.

Nikamjaribu Magese, nikasema nitatoa mbuzi wawili tu. Akasema sawa. Hapo nikajua nimemshinda, nikampa na kondoo kwa huruma.

Kurudi nyumbani pedeli ya kushoto ilianguka. Barabara mbaya. Halafu kioo. Upepo. Nimefika nasukuma, lakini nasukuma kitu kipya.

Alhamisi, 7 Julai

Majaribio. Nimepakia gunia moja la pamba, nusu tu. Nimepanda. Nimefika kwenye mkonge wa jirani. Ringi ya nyuma imepinda nane. Spoku zilikuwa zinaruka kama bisi.

Nyanjige alikuwa anachambua pamba. Alimtazama jogoo, akanitazama mimi, akamtazama tena jogoo. Nikamwambia tatizo si jogoo. Tatizo ni neno. Akasema basi nimwache alitoe yeye, maana Mahona ni mkubwa wake kweli, amemzidi miaka kumi, haumii kitu. Nikamkataza. Heshima ya nyumba haitumwi mtoto wala mke.

Nimekwenda kwa Yakobo. Amenyoosha ringi kwa goti na mawe mawili. Kasema chuma hiki kimechanganywa na ahadi. Kasema ile ya Kiingereza akiipata yeye ataipakia tofali. Nikamwambia asinifundishe baiskeli yangu. Kasema ni ya Mahona sasa. Nimeondoka bila kuaga.

Kengele ya Mahona imelia mchana kutwa. Watoto wa shule. Na Machibya, mtu mzima!

Ijumaa, 8 Julai

Mpango mpya, mkubwa. Nitamnyang'anya mtani wangu kwa utani ule ule. Yeye alichukua bila kuomba, nami nachukua bila kuomba. Nani atapiga mwano? Afanye hivyo, alipe mbuzi!

Nilijua leo Mahona anakwenda Bariadi kununua shati la Jumamosi. Nikaenda kwake saa ya jua kali, nimevaa kandambili ili nisisikike. Kandambili zinasikika. Mkewe, Apolonia, alinisikia tangu kwenye boma. Akatoka anapangusa mikono, akapiga goti, akaniita shemeji, akanilaumu nimepotea kama mvua ya Novemba. Nilikuwa nimeishika baiskeli kwenye siti. Nikasema naipa pole.

Akaniwekea kiti. Akaniletea maji ya kunawa. Ugali wa mtama, mlenda, samaki wa Lamadi. Nikasema nimeshiba. Tumbo likasema lake, kwa sauti. Nikala. Akaongeza. Nikala. Akaleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akasema Mahona aliacha maagizo: akija Mboje, ale vizuri, maana ana mawazo.

Aliacha maagizo!

Sasa nitafanyaje? Aliyekula ugali wa mtu akaondoka na kitu chake huyo ndiye mwizi wa kweli, hata mimi ningempigia mwano. Nikashukuru, wabeja sana, mayu. Nimerudi kwa miguu. Mlenda wa Apolonia ni mzuri kuliko wa kwetu. Hili Nyanjige asilisome.

Amelisoma. Yeye anasoma haraka. Kisomo cha watu wazima alifika hatua ya nne, akapewa cheti. Mimi niliishia hatua ya pili, mwalimu alikuwa hanifikii.

Jumamosi, 9 Julai

Siku yenyewe. Naandika nimekaa upande mmoja.

Mtu wa kampuni anaitwa Leonidas. Kijana, viatu vya ncha, ametoka kwenye gari na mizani ya chuma. Kijiji kizima uwanjani. Kasema kazi rahisi: kila mmoja afunge mizani kwenye keria, azunguke uwanja, arudi, asome uzito wa furushi atakaloweka.

Mahona alitangulia. Shati jipya, lina mikunjo ya dukani. Amezunguka kama anapeleka barua. Baiskeli yangu haikulia hata kidogo, msaliti. Alipofika kusoma mizani aliizunguka mara mbili. Akasema furushi ni zito. Leonidas akasema zito kiasi gani. Mahona akasema zito la kutosha.

Zamu yangu. Nilifunga mizani kwa kamba ya katani. Watu wakapiga vigelegele, wengine kabla sijapanda. Robo ya uwanja, safi. Nusu, safi. Nikainua mkono kuwasalimia. Hapo usukani ukabaki mkononi mwangu, na baiskeli ikaendelea peke yake. Gurudumu la mbele lilikwenda kwa wanawake. La nyuma lilibaki na mimi. Mizani ilianguka juu yangu, na ndiyo maana nimekaa upande mmoja.

Mahona alikuja mwenyewe kuniinua. Alinipangusa vumbi. Akaninong'oneza: guku, babu wee, sema tu. Jogoo hata sitaki tena, sema neno nikupe chombo chako, uzunguke, sote tushindane vizuri. Leonidas anangoja. Machibya anangoja. Watu wanangoja. Hata mbuzi wanangoja.

Koti lilikuwa pale, juu ya boneti ya gari. La kaki, vifungo vinne. Nililiona.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mahona… alizaliwa mwaka wa nzige."

Kicheko kilisikika Malampaka.

Ndipo Nyanjige akatoka kwa wanawake. Kwapani ana jogoo mwekundu! Akampa Mahona, akapiga goti, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mahona ni mkubwa wangu." Akasimama akachukua baiskeli. Mahona akacheka hadi akakaa chini. Machibya akatangaza mbele ya wote kwamba kwa desturi kilichokombolewa ni cha aliyekomboa. Nikapinga. Machibya akaniuliza kama nataka kupiga mwano.

Leonidas akauliza mama anajua kusoma mizani? Nyanjige akaweka furushi, akainama, akasoma kilo na nusu yake, akaongeza kwamba mizani imekaa kwenye jiwe, inaonea mkulima. Akaisogeza, akasoma upya. Wakulima walishangilia kama wamelipwa tayari. Leonidas akachukua koti akamvika.

Likamtosha. Kubwa kidogo mabegani.

Kuendesha hajui. Amemwajiri Mahona kumwendesha. Mahona atakanyaga, yeye atakaa kwenye keria na mizani mapajani. Mahona kakubali hapo hapo, kasema kufanya kazi kwa shemeji yake wa utani ni nusu ya mshahara.

Jumapili, 10 Julai

Sikwenda kanisani. Nimesikia wamesalimiwa njia nzima. Nyanjige kwanza.

Kaniletea chai asubuhi kabla ya kuondoka. Kasema koti naweza kulivaa jioni, ndani ya nyumba, milango ikiwa imefungwa. Nimesema sitaki. Halafu kasema nimfunze kuendesha, maana mwalimu ni mimi, na yeye hataki kukaa nyuma ya Mahona msimu mzima. Nimesema nitafikiri. Nimefikiri. Siwezi kufundisha mtu bila baiskeli yangu mwenyewe ya kutangulia mbele.

Jumatatu, 11 Julai

Mnadani Bariadi, mapema. Nimemkabili Magese na usukani mkononi, mbele ya wateja wake. Nimemwambia ukweli wote. Hakubisha, ni mtu wa haki. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kosa ni lake, mtu wa hadhi yangu asingeuziwa Nyota Tatu. Nyota Tatu ni ya vijana. Akanipeleka nyuma ya turubai. Ipo nyingine, rahisi zaidi kwa sababu imeingia jana na bado haijajulikana. Ya kijani. Vioo vinne.

Nyota Nne!

Nimejua palepale kasoro ilikuwa wapi. Ilipungua nyota moja.

Nimetoa mbuzi mmoja, na mwingine atafuata. Yakobo fundi ameiona nikipita, amefunika uso kwa kofia, bila shaka kwa wivu. Pedeli ya kulia nimeiweka mfukoni ili isipotee. Jumamosi Nyanjige na Mahona watakapokwenda kupima pamba, mimi nitakuwa mbele yao, na tutaona nani anasalimiwa kwanza.

Haya yote ni kweli tupu. Asiyeamini amuulize Machibya, aliyekula mbuzi. Amuulize Apolonia, aliyenilisha. Amuulize katekista, akipona mguu. Mahona asiulizwe, bado mtoto.