Glovu Zinazosimama Zenyewe

Jumatatu, 7 Julai 2025

Salamu kwanza. Bila salamu mkono wangu haujui kuandika. Mimi ni mzima. Bwanangu Sitati ni mzima, ni goti tu. Namalwa, kitindamimba, yuko kwa simu, salamu zimfikie hukohuko. Kuku ni wazima, isipokuwa yule tuliyemla.

Sasa hasira. Valarie wangu, aliyeolewa Mau Narok, amepiga simu. Mjukuu wangu Shantel vidole vimekuwa barafu. Tena siku hizi anasema “Gogo” vizuri! Gogo ni Chepngeno, nyanya wa upande wa baba. Mimi Kukhu, nyanya wa upande wa mama, niliyemwogesha mwezi mzima akiwa mchanga, haniiti kitu. Akiniona analia!

Jumapili anaombewa kanisani. Atavaa glovu za mkono wangu. Atanijua.

Jumanne, 8 Julai

Jirani Safiyo hufuma sweta za shule. Nikamwomba anifundishe. Akauliza kama nimewahi kufuma. Mimi! Vitambaa vya viti vya ploti hii yote ni vyangu! Akasema kitambaa ni kulabu moja, glovu ni sindano mbili, tuanze mwanzo. Dharau.

Ya kwanza imetoka kama soksi ya mbuzi. Sitati amesema mbuzi angeikataa.

Ijumaa, 11 Julai

Zimeisha! Rangi ya waridi, kila moja na kidole gumba chake. Cha kushoto kimekaa nyuma, lakini nani atageuza mtoto?

Safiyo akasifu, akasema nizisuuze tu. Tu? Zimelala mezani kama chapati za jana! Kazi yangu husimama. Nikapika stachi ya unga wa muhogo, nikazichovya kama vitambaa vya Krismasi, nikazianika juu ya vikombe. Safiyo akashika kichwa: Mama Valarie, huyo ni mtoto, si kochi!

Wivu.

Jumapili, 13 Julai

Mau Narok. Baridi ya kukata masikio. Kabla ya kwenda kanisani nikatoa glovu mbele ya wote. Zimesimama wima! Mkono wa mtoto ukakataa kuingia. Kibii, mkwe wangu, ambaye kwa mila ya kwetu hata usoni hangenitazama, akagonga moja mezani, ko ko ko, akauliza kama ni ya kuchimbia viazi. Shantel akainyakua, akampiga nayo Chepngeno kwa paji la uso. Nundu! Kanisa zima likauliza.

Kinachoniudhi ni kwamba huyo mama hakukasirika. Tulipotoka kanisani alizitia kwa maji moto, akazifinya mpaka zikalegea, akazikausha kando ya jiko, akamvika mtoto. Zikaingia. Shantel akanishika pua kwa mkono wa joto. Akacheka. Akasema, “Kukhu.”

Nililia hapo hapo mbele ya wakwe. Ndipo Chepngeno akasema amekuwa akimfundisha hilo neno wiki nzima, akimwonyesha picha yangu.

Bila kuniuliza!

Jumatatu, 14 Julai

Nimefikiria sana. Nimejua kosa. Stachi ilikuwa nyepesi! Ingekuwa nzito, maji ya yule mama yangeishinda wapi? Sasa nafuma kofia, na itachovywa mara mbili. Sufuria iko motoni. Nimemtumia Valarie ujumbe: pima kichwa cha mtoto, na ukiwa hapo pima cha Gogo pia, upande usio na nundu. Nijibu haraka, stachi inaganda.