Harusi ya Marehemu Lazarus

Mwaka 1955 Idara ya Filamu za Afya, Nairobi, ilitangaza kwa kipaza sauti kwamba Lazarus Were wa Riruta amekufa, na kwamba amekufa vizuri kuliko mtu yeyote katika koloni.

Ilikuwa kweli tupu. Katika filamu ya kuhimiza watu wachemshe maji, Lazarus alikunywa maji ya mtaro, akashika tumbo, akakata roho kwa ustadi mpaka akina mama wakaangua kilio uwanjani. Toka Kinoo hadi Riruta hakukuwa na nyota kama yeye. Shida ilianza kesho yake, alipoonekana sokoni akinunua sukuma wiki.

"Si huyu alikufa jana?"

"Na si anaitwa Lazarus? Kufufuka ni kawaida yake. Basi hayo maji hayana neno."

Watu wakaacha kuchemsha. Mkuu wa idara, Bwana Prichet, akatoa amri ya busara: aliyekufa katika filamu asionekane tena hadharani.

"Lakini bwana mkubwa, Jumamosi naoa," Lazarus akasihi.

"Maiti hapana oa."

Pasta naye akaogopa kumfungisha ndoa mtu ambaye serikali inamwita marehemu. Caren, mchumba wake, alilia machozi ya kweli, ambayo idara haikuyapiga picha. Lazarus aliumia moyo. Umaarufu ulikuwa umemzika mzima mzima.

Filamu ya pili, ya nzi, ikakosa mchezaji. Riruta yote ilikataa kufa. Kila mtu alikuwa na harusi ya kwenda. Ikabidi Bwana Prichet aonyeshe mfano mwenyewe. Akala andazi lililojaa nzi, akaanguka chali. Ijumaa, filamu ilipoonyeshwa, uwanja mzima ulipiga makofi.

"Rudia! Rudia!"

Jumamosi Bwana Prichet akapashwa habari kwamba Lazarus yuko kanisani, amevaa suti ya kuazima, na pasta bado anasubiri neno la serikali. Akaendesha gari mbio kutoka mjini kuitetea amri yake. Mlangoni alisimama Nakhumicha, shangazi yake Caren.

"Pole, marehemu. Wewe huruhusiwi kuonekana hadharani."

"Mimi hapana kufa!"

"Tulikuona jana na macho yetu. Hata makofi tulipiga."

"Ile iko filamu tu! Mtu nakufa kwa filamu, yeye iko hai kabisa!"

Nakhumicha akageuka.

"Umesikia serikali, Pasta. Endelea."

Karamuni Bwana Prichet aliletewa andazi lililofunikwa kitambaa safi. Hakuna aliyetaka afe tena siku ya harusi.