Managu ya Mama Mkwe

Jumapili, 3 Agosti

Firigisi ya kuku, kipande cha heshima cha wanaume, imeliwa na Mwaura. Tena! Tulikuwa wawili mezani, sahani ikatoka jikoni ikanipita. Mimi nikapewa shingo. Mimi, Sitati, niliyemwoa Nasimiyu, binti wa kwanza. Mwaura alimwoa wa pili juzi tu.

Sababu naijua. Mwaura ana pikapu. Mama mkwe alishuka kutoka Molo kutibiwa moyo, anakaa hapa mtaani Bondeni kwa Joyline, binti yake wa mwisho, na Mwaura ndiye humpeleka hospitali. Mkikuyu huyo anaketi na mama mkwe wake kiti cha mbele, bega kwa bega. Sisi Wabukusu hatuthubutu kumsogelea mama mkwe hata kumpa mkono. Daktari alipokuwa akieleza mambo, mimi nilikuwa nje langoni, nimewashikia mwavuli. Heshima yangu hainipi hata bawa.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemhoji Nasimiyu. Moyo wa mama unakimbia na kurukaruka bila mpangilio. Kuna vidonge vya kuutuliza. Kuna vingine vya kuzuia damu isigande, maana donge likipanda ubongoni mtu hupooza. Kuna kupitisha waya kwenye mshipa hadi moyoni na kuchoma panapoleta fujo. Huo mama ameukataa, amesema yeye si sinki. Halafu kuna kulazwa usingizi na kuushtua moyo kwa umeme, mara moja, urudie mwendo wake. Hapo amekubali. Ila lazima kwanza vipimo vya damu viwe sawa wiki tatu mfululizo.

Viwili vimepita vizuri. Kimebaki kimoja, tarehe 13. Kikiwa sawa atashtuliwa, na tarehe 24 ataongoza nyimbo Siku ya Akina Mama kanisani kwao Molo. Kwa sasa hamalizi ubeti mmoja bila kushika ukuta. Hiyo siku ndiyo anayoiombea usiku na mchana.

Neno moja limenikaa kichwani. Nasimiyu anasema vile vidonge vinafanya damu iwe nyepesi. Nyepesi! Na watu wazima wamenyamaza? Mwenye damu nyepesi hupewa mboga ya managu aongeze damu, kila mtu anajua. Kesho niko sokoni Wakulima.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepeleka gunia. Managu, terere, kunde, spinachi. Joyline amenipokelea mlangoni, akaanza kusema ati muuguzi alionya mama asibadilishe chakula, mboga ale kiasi kile alichozoea. Nikamwambia hii si kubadilisha, hii ni kuongeza. Nikamsihi atangaze aliyeleta, kwa jina.

Ametangaza. Nimemsikia mama akiniombea baraka. Nilikuwa chini ya dirisha, nafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havina kamba.

Jumapili, 10 Agosti

Firigisi ni yangu! Mama amekuwa akila managu asubuhi na jioni. Leo sahani imetoka jikoni na ujumbe: ya Sitati, aliyeniongezea damu. Nimeitafuna polepole sana. Mwaura amekula shingo akitazama kalenda ukutani.

Nampenda Mwaura leo. Nimemwongezea supu mwenyewe.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa. Damu imekataa. Inaganda upesi kupita kiasi. Daktari ameuliza mama amekula nini, na Joyline, badala ya kutafakari, akasema managu, akataja na gunia. Kumbe mboga hizo zikizidi zinapunguza nguvu ya kidonge. Kidonge kimevuta huku, mimi nimevuta kule. Kushtuliwa kumeahirishwa. Hesabu ya wiki tatu inaanza upya.

Nasimiyu anasema mama alilia ndani ya pikapu. Kisha Nasimiyu akanitazama, akaniambia donge lingeweza kupanda kichwani wakati nikichekelea firigisi. Naogopa kwelikweli.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda kuomba msamaha kwa adabu zetu. Nimesimama nje ya dirisha, nimegeuza mgongo, nikauomba msamaha ukuta wa jirani. Jirani akafungua pazia, akaniambia amenisamehe.

Mama ameuliza kutoka ndani, "Sitati mwanangu, ulikuwa unatafuta damu yangu ama ulikuwa unatafuta kuku?"

Nikasema damu. Akauliza tena. Nikasema na kuku kidogo. Alicheka hadi Joyline akamwambia aurehemu moyo.

Kisha akanipa habari. Akina mama wa Molo wamepiga simu. Wamesogeza siku yao hadi tarehe 14 Septemba, hawaimbi bila yeye. Nimelia, bado nimeutazama ukuta.

Jumatano, 10 Septemba

Vipimo vitatu, vyote sawa. Joyline amelinda sufuria zake wiki zote hizi. Leo wamemlaza mama usingizi, wakamshtua mara moja tu. Moyo ukasita, ukashika mwendo. Ameamka akiuliza kama wameanza. Mwaura alitoka mbio kunipa habari langoni, tukakumbatiana na mwavuli katikati.

Daktari amesema fujo inaweza kurudi, vidonge vya damu viendelee, na asiongezewe kitu chochote bila kumwuliza. Alirudia chochote. Nasimiyu anasema alipokuwa akirudia aliuliza pia yule bwana wa managu yuko wapi.

Jumapili, 14 Septemba

Molo. Baridi, matope, furaha tele. Mama ameongoza nyimbo zote, beti zote, mikono hewani, hajashika ukuta. Nilisimama mbali ifaavyo, nikapiga makofi hadi viganja vikauma.

Chakula kilipoandaliwa, mimi na Mwaura tuliketi wima, kila mtu na matumaini yake. Mama akatoka jikoni, akaichukua firigisi, akaila mwenyewe mbele ya wazee. Mwanamke! Firigisi! Wazee wakakohoa. Akasema moyo uliochapwa umeme ni wake, hawa wakwe walichapwa na nini?

Nimemtazama vizuri alipokuwa akicheka. Amepona, ila ni mwembamba, na baridi ya Molo si mchezo. Inafaa apashwe joto kidogo. Nimeshazungumza na mama mmoja wa sokoni, ana tangawizi na vitunguu saumu vya nguvu, gunia zima, na kesho atamfikishia. Kumwuliza daktari ni kumsumbua bure. Yeye alinigombeza kwa majani. Tangawizi ni mzizi.