Ombi la Kusogeza Misa ya Arusi kwa Ajili ya Klachi

Majengo, Mpanda
Julai 1976

Kwa Baba Paroko Apolinari,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitika, basi naendelea.

Mimi ni Felisiani Katondo, karani mstaafu wa reli, baba yake Romana, ambaye utamfungisha ndoa na Kalisti wa Kasansa Jumapili ya wiki ijayo katika misa ya kwanza. Unanifahamu pia kama yule aliyeipa parokia, mwezi uliopita, kile chuma kizuri mnachogongea kengele. Sikitaji kwa kujisifu, ila mtu anayeomba jambo kubwa ni vizuri akumbukwe kwa lile dogo alilotoa.

Ombi langu ni kwamba misa ya arusi isogezwe kutoka saa moja asubuhi hadi saa sita mchana, kwa sababu ya klachi ya gari langu. Naomba usicheke kabla hujamaliza kusoma. Watu wa nyumbani kwangu wamekwisha kucheka vya kutosha. Maelezo na malalamiko yangu ni haya:

1. Gari langu unalijua, lile aina ya Moris nililouziwa na Mzungu wa mgodi wa risasi wakati mgodi ulipofungwa. Tangu siku hiyo klachi yake ilikuwa ya nondo: ukikanyaga pedali, chuma kinasukuma chuma, na gari linaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Romana amekulia humo. Nilikuwa nikimpeleka shule huku kichwa chake kikigonga paa. Nikaapa kwamba siku ya kutoka kwangu kwenda kwa mumewe hatarushwa. Atatoka taratibu, shela lake likiwa limetulia. Kwa hiyo nikaing'oa ile nondo, nikafunga klachi ya mafuta niliyoitoa kwenye Landrova moja iliyokufa. Kuna pampu juu kwenye pedali, pampu nyingine chini kwenye giaboksi, na paipu katikati. Mguu unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma klachi. Kazi yote niliifanya mwenyewe, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza, kwamba hakuna aliyenizuia.

2. Mtambo huo unataka mafuta ya breki, na mafuta ya breki hayapatikani. Dukani wananiambia nirudi kesho, na kesho hiyo ilianza kabla ya Pasaka. Nasi tumehimizwa kujitegemea. Nikawaza kwamba mafuta ni mafuta. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, mimi sikuuliza. Nilichukua mawese ya mke wangu Eufrazia, yale mazuri yanayotoka Karema, nikajaza. Mchana ule klachi ilikuwa laini ajabu, nikazunguka Majengo yote nikiikanyaga hata pasipo haja, watu wakanisifu. Ila wewe Baba umekula mawese, na unajua yanavyokuwa asubuhi ya Julai. Yanaganda. Hapa namlalamikia Eufrazia. Amepika mawese miaka yote ya ndoa yetu, alinitazama nikiyamimina, na hakusema kitu. Nilipomuuliza sababu, akasema alidhani fundi anajua.

3. Jumapili iliyopita nilijaribu kuwaleta misani Eufrazia na jirani yetu Dafrosa. Pedali ilikuwa imekaza kama imepigiliwa misumari. Nikaliwasha gari likiwa ndani ya gia, likaondoka lenyewe, likapita juu ya mahindi yaliyoanikwa uani kwa Dafrosa, mwenyewe akiwa ndani ya gari anashuhudia. Utakumbuka ulikuwa mlangoni pa kanisa ukisalimia waumini. Tulikupita. Nilikupungia mkono kwa heshima, kwa kuwa kusimama kungezima injini, na sikuwa na hakika kama ingewaka tena. Tulikuja kusimama stesheni, ambako hata reli yenyewe inaishia. Dafrosa akarudi kwa miguu, na mpaka leo salamu zangu anazijibu kupitia kwa mke wangu.

4. Nimejaribu kulifunika gari kwa blanketi usiku. Blanketi lenyewe ni lile tunalojifunika sisi. Eufrazia sasa anajifunika khanga, na anakohoa kwa sauti kubwa kuliko ugonjwa. Klachi haikulainika. Huanza kuamka saa nne, na akili yake yote hurudi saa sita. Ikishapata joto, gari zima linanukia mboga, na mbwa wa Majengo hulifuata kwa matumaini.

5. Upande wa bwana arusi wamesikia habari zangu. Wametuma ujumbe kwamba dereva wao Telesphor atakuja na trekta la kijiji, na trela litambeba bibi arusi pamoja na kwaya. Eufrazia amekubali bila hata kuniita. Hili linaniuma, Baba, sikufichi. Binti ninaye huyo mmoja. Akishafika Kasansa nitamwona baada ya mavuno, kama njia itapitika. Ile safari fupi ya kutoka Majengo mpaka kanisani ndiyo iliyonibakia, na ninataka tuifanye ndani ya gari letu, mimi nikiendesha.

6. Hata misa ikiwa saa sita, kuna serikali. Magari ya watu binafsi yamekatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kubana petroli. Mahubiri yako tunayapenda sana, lakini huenda mbali. Naomba siku hiyo yaishie karibu.

7. Kama mahubiri hayapunguziki, arusi ihamishiwe Oktoba, wakati wa joto, ambapo mawese hayagandi ovyo. Kalisti ni kijana mvumilivu. Alinisikiliza nikimweleza klachi tangu chai mpaka chakula cha mchana.

8. Na kama Oktoba ni mbali, basi altare iletwe Majengo. Gari nitaliegesha uani. Romana ataingia kwa mlango wa kushoto, atakaa kidogo, nitapiga honi, atatokea mlango wa kulia, na ihesabiwe kwamba nimemfikisha.

Nayaacha haya mikononi mwako. Nisalimie masista wote, katekista Melkior, na wanakwaya, hata wale wenye hamu ya kupanda trela. Dafrosa nitamsalimia kwa njia ya kawaida.

Ni mimi kondoo wako mwenye gari,
Felisiani Katondo

Nyongeza: Baba, tafadhali usisogeze kitu. Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea Romana anisahihishie. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo lililonitisha. Halafu akasema, "Baba, mimi nimelizoea lile la kurukaruka. Likiruka nilikuwa najua ni wewe unaendesha. Nirudishie lile." Mawese nitayakamua, ingawa Eufrazia amesema jikoni kwake hayarudi. Nondo itarudishwa mahali pake. Tatizo ni moja tu: nondo yenyewe ndiyo kile chuma mnachogongea kengele. Niliwapa kwa kuwa niliona hakina kazi tena. Naomba mniazime kuanzia Ijumaa, nami nitakuja kukichukua mwenyewe, mchana. Jumapili hiyo gongeni kengele kwa jiwe, au msigonge kabisa. Mkisikia kishindo kinatoka upande wa Majengo, jueni bibi arusi anakuja.