Mchumba wa Itigi Anayenuka Alizeti

Jumatatu, 3 Agosti

Mshenga wa Anuari kaleta barua ya posa. Anamtaka Zabibu, binti yangu mdogo. Kijana safi, anaamkia mpaka unachoka kuitikia marahaba. Nimekataa kuifungua! Nyumba hii mdogo hampiti dada. Kwanza aolewe dada yake Mwantum, binti yangu fundi cherehani, asije akanyooshewa vidole mtaani. Shida: Mwantum kafukuza wachumba watatu. Wa mwisho alikimbia akaacha kandambili. Wazee wa Anuari wanakuja Ijumaa kuchukua jibu. Wakikuta bahasha imefungwa, watabisha hodi kwingine. Zabibu analia. Mke wangu kanipa ugali bila mboga.

Jumanne, 4

Akili imefanya kazi! Mtu aliyefika Tunduma na kurudi hashindwi na bahasha. Nimeandika posa ya Mwantum mwenyewe: Yasini, mfanyabiashara wa asali, Itigi, mizinga mia mbili, mpole. Mwantum akishaposwa, hata kwa karatasi, njia ya Zabibu nyeupe. Yasini ataahirisha, ataahirisha, mpaka asahaulike. Nimeandikia palepale kwenye mashine yangu ya kukamua alizeti, nikampa Ladha wa dukani aipeleke. Kauliza tangu lini Mhindu akawa mshenga wa posa ya Kiislamu. Nimemwambia dunia imebadilika.

Jumatano, 5

Balaa! Nilitegemea Mwantum aombe mwezi wa kufikiri. Kasoma mara mbili, kainusa, kakubali! Anataka Yasini aje Ijumaa hiyohiyo na wazee wake.

Alhamisi, 6

Nimemwomba Ladha awe mjomba wa Yasini. Kanifungia duka. Nimepiga simu Itigi kutafuta Yasini yeyote. Kapatikana mmoja. Ana miaka sabini na wake wawili. Kauliza kama tunatuma nauli.

Ijumaa, 7

Wazee wa Anuari wameketi na mshenga wao. Mwantum kaweka barua ya Yasini mkekani. Kasema, "Baba, huyu muuza asali barua yake inanuka alizeti."

Doa la kidole gumba, limepenya mpaka upande wa pili! Wazee wakatazama vidole vyangu. Mimi nikatazama dari.

Kisha akasema taratibu, "Mimi sijakwama, Baba. Nachagua. Mdogo wangu apite."

Machozi yamenitoka. Nimesingizia vumbi la mashudu ya alizeti. Akamgeukia mshenga: dada hapitwi bure, Anuari alete cherehani ya umeme. Wakakubali. Bahasha ya Zabibu nimeifungua kwa meno.

Jumamosi, 8

Harusi mwezi ujao. Mboga imerudi. Mji mzima unanicheka. Wivu! Bila Yasini wangu, nani angefungua bahasha ile? Nimemkumbuka dada yangu wa Issuna, mjane mwaka wa nne, peke yake na kuku. Nimenunua bahasha mbili, moja ya akiba. Safari hii nitanawa mikono kwanza.