Kinyozi na Mtu Aliyeachwa Kisimani

Sogeeni, enyi wenye masikio yasiyochoka. Aliye nje aingie, mwenye kikohozi akimalize sasa. Kwa idhini ya Mola aliyemfundisha mja kwa kalamu, nawahadithia vita visivyomwaga damu ila tone moja, navyo vilipiganwa baina ya kinyozi na ukurasa.

Kinyozi huyu, simba wa wembe, mfyekaji wa misitu ya vichwani, kila baada ya vichwa vitatu aliwasomea wateja wake sura moja ya hadithi za Jicho Moja, mlinzi mkuu wa jumba la sultani. Vitabu vilikuwa vitatu, na cha tatu kilikoma pabaya: Jicho Moja ananing'inia kisimani, vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo, na maadui wanacheka juu yake. Hapo mwandishi akaiweka kalamu chini, akanyamaza miaka tisa.

Ni nani awezaye kumwacha mwanamume kisimani miaka tisa? Mwashi, mteja wa tangu zamani, alikuwa haingii mlangoni ila kwa swali moja: "Cha nne bado?" Mwishowe kinyozi, kwa huruma iliyopotea njia, akatwaa kijitabu cha maelezo ya friji, akakivika gazeti, akatangaza kwamba kimefika. Akakifungua palipochorwa bomba na nyaya, akasoma kwa sauti ya mvumo jinsi Jicho Moja alivyopanda, alivyolipiza kisasi, alivyomwoa mjane wa waziri. Watu walitokwa na machozi. Muuza mayai, kwa furaha ya harusi ile, alileta trei nzima. Mwaka uliofuata mjane akajifungua mapacha.

Basi asubuhi moja kinyozi amemweka shemeji yake kitini, nusu ya kichwa imekwisha, mara mwashi huyo, na kitabu kipya mkononi.

"Kinyozi! Hiki hapa cha nne. Mwenye duka anaapa kimetoka juzi."

Wembe ukaenda kombo, na sikio la shemeji likatoa lile tone.

"Taratibu, shemeji! Sikio si nywele!"

"Sasa nakuuliza mbele ya hadhara hii," akasema mwashi, amesimama kama hakimu, "miaka yote hii ulikuwa ukitusomea nini?"

Ulimi wa kinyozi ukamletea uongo wa namna tatu, wote umevaa vizuri. Naye alijua fika kwamba mabenchi yale yaweza kuwa matupu kabla ya adhuhuri, na kwamba kinyozi wa mtaa wa pili ana kiti kinachozunguka. Hata hivyo akaufukuza uongo ule wote, akavuta droo, akakivua kijitabu gazeti lake.

"Wazee wangu, ndugu zangu. Nilikuwa nasoma friji."

"Friji?" akauliza muuza mayai.

"Friji."

"Na harusi je?"

"Niliifungisha mwenyewe."

"Na trei yangu!"

"Mayai tuliyala, kaka. Hayo yalikuwa ya kweli."

Shemeji akaangua kicheko hata kitambaa kikamdondoka. "Kumbe! Dada alilia kwetu kwamba unamwita mjane wa waziri usingizini. Tulishakupangia kikao!"

Mwashi hakucheka. Akamnyooshea kile kitabu. "Haya, soma. Leo tuyasikie ya mwenyewe."

Kinyozi akasoma, na kila mstari ulikuwa mkuki. Kidole kimoja kikaachia ukingo. Cha pili kikafuata. Mwisho wa ukurasa wa kwanza, kidole cha mwisho kikateleza.

"Funga!" akanguruma muuza mayai, tayari ameushika mlango. "Mwandishi huyu hajui lolote! Mtu ana mke, ana mapacha, anamrudisha kisimani?"

Hata mwashi akafuta jicho. "Kweli, kinyozi, ile yako ilikuwa na huruma. Tusamehe tuliyokuuliza, utusomee ile."

Lo! Majeshi mangapi yamestahimili mishale, yakaja kuangushwa na sifa! Kinyozi alikuwa amekwisha kushinda: afunge tu, na mabenchi ni yake. Lakini alipoutazama ukingo wa karatasi, moyo wake ulidunda kama wa mtoto, kwani katika miaka hiyo kila mtu alikuwa na wa kumwuliza kitakachofuata, isipokuwa yeye.

"Ndugu zangu," akasema, "ile yangu naujua mwisho wake. Huyu sasa anaanguka, nami nataka kujua chini kuna nini."

Ndipo akalowesha kidole kwa ulimi, akakinyanyua kama ghazi anyanyuaye bendera juu ya ngome, akaufunua ukurasa wa pili.

Na ikumbukwe, vizazi kwa vizazi, kwamba ukurasa ule ulifunuliwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na mfunuaji hakurudi nyuma. Muuza mayai akauachia mlango, akarejea polepole, akaketi mwisho wa benchi.

"Hicho kisima," akanong'ona, "kina maji?"